Kabla ya Kununua Spika za Sinema ya Nyumbani

Mazungumzo na wananchi wa Mwandoya, Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu



Tulipofika hapa tumeulizwa kwa nini ofisi ya umma isumbuke kuzungumzia spika, ilhali kuna mbegu, viuatilifu na mizani ya pamba. Swali hilo ni la haki, na mambo hayo yana siku zake. Lakini ninyi mnajua kuliko sisi kwamba pamba ikishauzwa, fedha huingia nyumbani kwa mkupuo, na katika majuma machache yanayofuata ndipo vitu vikubwa hununuliwa: bati, godoro, pikipiki, runinga, na ile seti ya spika ambayo madukani huitwa hom thieta, au kwa jina lililozoeleka zaidi, sabufa. Mnunuzi hufunga safari hadi Mwanhuzi, Bariadi au hata Mwanza, huchagua kwa dakika kumi ndani ya duka lenye makelele, kisha hurudi na katoni juu ya basi. Akikosea, kosa hilo halirekebishiki mpaka msimu mwingine. Ndiyo sababu tumekuja.

Tuanze na namba iliyoandikwa kwenye katoni, kwa kuwa hiyo ndiyo inayouza. Katoni nyingi huonyesha wati 8,000, wati 10,000, na nyingine zaidi ya hapo, zikifuatiwa na herufi nne: P.M.P.O. Namba hiyo hudai kueleza nguvu ya kilele ambayo chombo kingeweza kuifikia kwa kitambo kidogo mno, pungufu ya kupepesa jicho. Hakuna kanuni moja inayokubalika duniani ya kuipima. Kila mtengenezaji huja na mizani yake, na watu wa Meatu hawahitaji kuelezwa matokeo ya mnunuzi wa pamba kuja na mizani yake.

Kwa hiyo geuzeni chombo. Nyuma ya sabufa, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia, pana kibandiko kidogo chenye maandishi ambayo muuzaji hayasomi kwa sauti: volti 220 hadi 240, hezi 50, na idadi ya wati ambazo chombo kinavuta kutoka kwenye soketi. Tuseme imeandikwa wati 60. Debe haliwezi kumimina maji mengi kuliko yaliyotiwa ndani yake. Chombo kinachopokea wati 60 hakiwezi kutoa wati 10,000 kwa muda wote wa wimbo, na hata hizo 60 sehemu yake hupotea kuwa joto. Penye maandishi ya herufi R.M.S., hiyo ndiyo nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo, na ndiyo ya kulinganishia duka na duka. Ikiwa namba ya R.M.S. nayo inazidi ile ya kibandiko cha nyuma kwa mbali, ishikeni ile ya nyuma.

Wala wati nyingi si jambo la kutolea roho. Sikio halihesabu kama kalamu. Chombo cha wati 80 hakisikiki kuwa na sauti maradufu ya kile cha wati 40. Tofauti yake ni ndogo, na mwingine hataitambua. Ili sauti isikike kama imekua mara mbili, nguvu inahitajika kuongezwa takriban mara kumi. Katika sebule ya futi 10 kwa 12, wati 40 za kweli zinatosha kabisa kuwakosesha majirani usingizi.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo linalowapotezea watu fedha bila wao kujua. Ni idadi ya spika.

Mtu aliyewahi kusimama katikati ya uwanja wakati Wagika na Wagalu wanashindana hahitaji kufundishwa maana ya sauti inayomzunguka msikilizaji. Ngoma ya kundi moja iko mbele yako, ya kundi la pili iko nyuma ya bega lako, na hata ukifumba macho unajua umati umekimbilia wapi. Watengenezaji wa sinema walitamani jambo hilo hilo. Mwaka 1931 mhandisi Alan Blumlein, huko Uingereza, aliandika hataza ya kunasa sauti kwa njia mbili, kwa sababu ilimkera kumwona mwigizaji upande mmoja wa pazia na kusikia sauti yake ikitoka upande mwingine. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney iliionyesha filamu ya Fantasia katika kumbi chache zilizofungwa spika za ziada ili muziki uwazunguke watazamaji. Mwaka 1992 ukaingia majumba ya sinema mfumo wa Dolby Digital, wenye njia sita za sauti zinazojitegemea: tatu za mbele, mbili za ubavuni, na moja ya mngurumo wa chini. Hizo ndizo zinazoandikwa 5.1 kwenye katoni. Tano ni spika za kawaida, na ile moja baada ya nukta ni sabufa.

Sasa tuulizane: nyumbani kwetu huwa tunacheza nini? Filamu zilizotafsiriwa na madijei, nyimbo za kwenye flashi, redio, taarifa ya habari, mpira, na simu iliyounganishwa kwa blututhi. Karibu vyote hivyo hufika kwenye chombo vikiwa na njia mbili tu za sauti, ya kushoto na ya kulia. Filamu iliyotafsiriwa mara nyingi huwa imenakiliwa upya pamoja na sauti ya mtafsiri, na hata kama asili yake ilikuwa na njia sita, njia hizo hazimo tena. Chombo cha bei nafuu kilichoandikwa 5.1 kikipokea njia mbili hufanya kitu kimoja: hurudia sauti ile ile katika spika zote tano. Mtu anadhani amenunua sauti ya kumzunguka, kumbe amenunua redio moja inayosema kutoka pembe tano.

Kulibaini hilo dukani si vigumu. Tazameni tena nyuma ya chombo. Ikiwa matundu ya kupokea sauti ni mawili tu, jekundu na jeupe, pamoja na mahali pa flashi na blututhi, chombo hicho hupokea njia mbili, hata kikiwa na spika saba. Chombo chenye njia sita za kweli kitakuwa na mojawapo ya haya: tundu la HDMI au la waya wa mwanga pamoja na alama ya Dolby Digital au DTS; au matundu sita ya kupokea sauti, moja kwa kila njia; au kina sehemu yake yenyewe ya kuchezeshea diski za DVD zenye sauti ya njia sita. Muuzaji akisema, "Hii ni 5.1, hesabu spika," mjibuni kwa upole kwamba hamhesabu spika, mnahesabu njia.

Ushauri wetu kwa anayenunua kwa mara ya kwanza, ambaye matumizi yake ni flashi, king'amuzi na simu, hauna mzunguko: nunueni spika mbili zilizotengenezwa vizuri na sabufa moja, yaani 2.1. Kwa fedha ile ile, kila kipande kitakuwa bora kuliko katika seti ya vipande sita, kwa kuwa gharama imegawanywa kwa vichache. Seti ya 5.1 inunuliwe na mwenye diski halisi, au runinga inayopata filamu kwa intaneti na kutoa sauti ya njia sita kwa HDMI. Wengine watasema tunawanyima watu wa vijijini mambo ya kisasa. Tunachokataa ni mtu kulipia njia nne ambazo hazitasema neno.

Kabla hatujaketi, mama mmoja ametuuliza kwa nini katika filamu nyumbani kwake milipuko inatikisa vyombo vya kabati, lakini watu wakizungumza hasikii kitu. Tunamshukuru, kwani malalamiko hayo ni ya wengi. Katika filamu ya njia sita, mazungumzo huwekwa zaidi katika spika ya kati, ile inayokaa chini au juu ya runinga. Ikiwa spika hiyo haipo, imekatika waya, au imefichwa nyuma ya maua ya plastiki, maneno hupotea na milipuko hubaki. Aliye na spika ya kati ailete mbele, ielekee nyuso za watazamaji, na aiongezee sauti kwa rimoti. Asiye nayo aingie kwenye mipangilio ya runinga au ya deki, achague sauti ya njia mbili, yaani stirio. Mazungumzo yatagawanywa kushoto na kulia na kurudi kusikika. Kisha apunguze besi. Watu wengi huifungulia besi hadi mwisho siku ya kwanza na hawairudishi tena.

Sasa tupange spika, kwa kuwa seti nzuri iliyowekwa vibaya hushindwa na seti ya kawaida iliyowekwa vizuri, na kupanga hakuuzwi dukani.

Chukulieni kwamba mmeketi katikati ya saa ya ukutani iliyolazwa sakafuni, nanyi mnaitazama tarakimu 12, ilipo runinga. Tunasema tarakimu iliyochapwa kwenye saa. Asije mtu akaiona 12, akaisoma saa sita, akapotea. Spika ya mbele ya kushoto ikae penye 11, ya kulia penye 1. Kwa kipimo cha kamba ni rahisi zaidi: umbali kutoka kichwa chako hadi spika ya kushoto, kutoka kichwa hadi spika ya kulia, na kutoka spika hadi spika, uwe sawa, kama mafiga matatu. Ukiketi mita 2 na nusu kutoka spika, nazo ziachane mita 2 na nusu. Chumba kisiporuhusu, punguzeni pande zote kwa pamoja. Kilichozoeleka ni kuzibana spika mbili ubavuni mwa runinga kama masikio ya sungura, na hapo kushoto na kulia hugeuka kitu kimoja. Urefu wake uwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, takriban mita moja kutoka sakafuni.

Wenye seti ya njia sita wanazo mbili zaidi, ambazo jina lake limewapotosha wengi. Zinaitwa spika za nyuma, lakini mahali pake ni ubavuni, zikirudi nyuma kidogo tu: kulia kati ya 3 na 4, karibu zaidi na 4; kushoto kati ya 8 na 9, karibu zaidi na 8. Ndivyo unavyopendekeza Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano. Ziwe juu kidogo ya masikio. Hazistahili kutundikwa kwenye kona za dari kama taa, wala kuwekwa nyuma ya kochi lililoegemea ukuta. Kochi lenyewe likisogezwa mbele nusu mita, tofauti itasikika jioni hiyo hiyo.

Sabufa ina tabia yake. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, yaani ni refu kuliko sebule nyingi. Ndiyo maana sikio halitambui besi inatokea upande gani, na ndiyo maana sabufa inaweza kukaa mbali na runinga bila kuharibu kitu. Lakini kona huikuza. Sabufa iliyosukumizwa kwenye kona hunguruma kwa sauti moja nzito isiyo na noti, na bati juu huanza kulia. Mafundi wana njia ya kupata mahali pake. Iwekeni sabufa juu ya kiti mnachokalia, chezesheni wimbo wenye gitaa la besi linalosikika vizuri, kisha mtu mmoja apite kando ya kuta ameinama, akisikiliza. Mahali ambapo noti za besi zinasikika moja moja, bila kuvimba na bila kupotea, ndipo sabufa ikae. Watoto watacheka wakimwona baba yao anatembea ameinama kwenye sebule yake, na wacheke. Iwe sakafuni, isichangie meza na runinga, na isiegemee ukuta ambao upande wa pili analala jirani, kwa sababu besi hupenya tofali kwa urahisi kuliko sauti nyingine zote.

Nyumba nyingi za hapa zina sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu na bati lisilo na dari. Pigeni kofi moja katikati ya sebule. Mkisikia mlio unaorudi kama wa kopo, si spika zilizo mbovu, ni chumba kinachoirudisha sauti. Mkeka mnene au zulia mbele ya viti, pazia zito dirishani, kochi la kitambaa, vitasaidia kuliko kuongeza wati. Dari nayo husaidia, ila hiyo ina bajeti yake. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna seti itakayoishinda, nasi hatushauri mtu ajaribu. Kabla radi haijaanza, chomoeni plagi na waya wa antena pia; kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Waya za spika zina pande mbili, na mara nyingi moja ina alama nyekundu au mstari. Nyekundu iende kwenye nyekundu kwa spika zote. Ikigeuzwa kwa spika moja, wakati moja inasukuma hewa nyingine inaivuta, na besi hufifia ghafla. Tumesikia habari za sabufa kurudishwa kwa fundi mara mbili kwa tatizo hilo, ambalo lilihitaji kugeuzwa waya tu.

Kwa wanaotumia umeme wa jua, fanyeni hesabu kabla ya safari ya dukani. Chombo kinachovuta wati 40 kwa saa 4 kila jioni hutumia wati-saa 160. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo mnazo 300 za kugawana kati ya taa, simu, runinga na spika. Ulizeni kama sabufa ina tundu la volti 12, ili msipitie kwenye inveta. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ngazi, na spika hujibu kwa mlio kama wa nyuki.

Tumalizie na karatasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na anayeisimamia ni Tume ya Ushindani. Ubora na usalama wa vifaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Hata hivyo mlalamikaji asiye na ushahidi huwa na hadithi tu. Msiichome katoni kuwa kuni wala msiigeuze kiota cha kuku kabla ya muda wa dhamana kuisha, kwa kuwa madai ya muuzaji yameandikwa humo. Daini risiti ya mashine, yenye jina la bidhaa na namba ya modeli badala ya neno "vifaa". Kadi ya dhamana igongwe muhuri na iandikwe tarehe mbele yenu. Aidha, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, kisha akautegemea utaalamu wake. Kwa hiyo semeni waziwazi, shahidi akiwepo: "Nataka cha kuangalia filamu kwa njia sita kutoka kwenye runinga hii," na mtajeni aina ya runinga. Akikubali kwamba chombo kinafaa, amejifunga.

Nendeni na flashi yenu yenye wimbo mnaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Ombeni sauti ishushwe hadi kiasi cha mazungumzo, kwa kuwa kasoro hujificha ndani ya kelele. Sikilizeni kila spika peke yake. Guseni kasha la sabufa: likitetemeka na kulia kama sahani iliyolegea, lirudishwe rafuni.

Tumekuja na seti mbili, moja ya 2.1 na nyingine iliyoandikwa 5.1, na kamba ya mita 10. Tunaomba vijana wawili waje kuishika, na mzee mmoja aketi kwenye kile kiti, atuambie anasikia nini kutoka wapi.